Selimundu: mlianza kuiona kwa dalili gani? Tupeane uzoefu

Mama wa Geita
Habari zenu wapendwa. Naomba uzi huu uwe wetu sisi tunaoishi na selimundu (siko seli), ugonjwa wa damu wa kurithi, iwe mwilini mwetu au kwa watoto wetu. Maelezo ya kunakili tuyaache. Sema ulichokiona: dalili ya kwanza ilikuwaje, mliambiwa ni nini kabla ya kipimo, na maumivu yakianza mnafanyaje. Huku Kanda ya Ziwa ugonjwa huu ni wa koo nyingi, lakini bado mtoto anazungushwa miaka akitibiwa malaria na baridi yabisi, huku akichanjwa chale, wakati kipimo chenyewe ni damu kidogo tu.

Naanza. Binti yangu alizaliwa na kilo nzuri, ananyonya, hana neno. Alipofika miezi saba vidole vya mikono vikavimba vyote, ngozi ikang'aa, ukimgusa analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Kesho yake na nyayo. Bibi yake akasema shanga zimembana, tukazikata. Zahanati tukapewa dawa ya malaria. Aliyetuokoa ni tabibu mmoja kijana. Alivitazama vidole, akamfunua macho akaona umanjano, kisha akatuuliza: "Kwenu kuna watoto waliokufa wadogo wakisumbuliwa na viungo?" Baba yake akainama. Kwao wamezika wadogo zake wawili hivyo hivyo. Kipimo kikatoka SS, yaani ana selimundu.

Kliniki walinieleza kwa nini miezi ile. Mtoto mchanga bado ana damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo chembe zake hazipindi kama mundu. Inapopungua, kuanzia kama miezi sita, ndipo dalili zinatoka. Basi mtu asiseme "wangu alizaliwa mzima" akaacha kupima.

Nesi Mstaafu
Hongera mwanangu kwa kufungua mada. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na kuna jambo limevunja ndoa nyingi mbele yangu: mwanamume anasema "kwetu hakuna ugonjwa huo, umeuleta wewe". Mtoto wa SS amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wote wawili wanaubeba, ila wao ni AS, hawaumwi.

La pili, wazazi wote wawili wakiwa AS huambiwa uwezekano wa mtoto kuwa SS ni "mmoja kati ya wanne", nao wanadhani wakipata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamepona. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya. Niliwahi kulaza watoto watatu wa mama mmoja, wote SS.

Mwalimu wa Bailojia
Naongezea kwa Nesi. Kwa nini kwetu ni wengi? Ni malaria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba penye malaria nyingi ndipo wabebaji wa AS walipo wengi, kwa sababu AS inamkinga mtoto na malaria kali. Lakini jamani, kinga hiyo ni ya AS. Mwenye SS malaria inaweza kumuua haraka, kwa hiyo chandarua ni lazima.

Kijana wa Magu
Mimi mwenyewe ni SS, nina miaka 31, kwa hiyo anayewaambia mtoto hafiki kumi na nane msimsikilize.

Maumivu yangu huanzia kiunoni au kwenye mapaja. Yanadunda ndani ya mfupa, hata shuka likigusa nasikia. Yanachokozwa na baridi, kiu, homa na kazi nzito, kwa hiyo natembea na chupa ya maji na sweta, hata watu wakinishangaa. Yakianza nameza dawa mapema, nakunywa maji mengi na kukanda kwa kitambaa cha moto. Barafu hapana. Yakizidi naenda hospitali, wala sisubiri kupambazuke.

Tangu nianze dawa ya haidroksiyurea nalazwa mara chache sana. Inarudisha ile damu ya utotoni aliyoisema mama hapo juu. Lazima upimwe damu mara kwa mara, na ukitaka kuzaa umwambie daktari kwanza.

Nina la wanaume, nalisema wazi kwa sababu wengi wanalificha wakaharibika: uume kusimama wenyewe, kwa maumivu, bila hamu yoyote. Ni selimundu hiyo hiyo. Ukisimama mfululizo kwa muda unaokaribia masaa manne haujalala, kimbia hospitali. Na ninyi wazazi waambieni wavulana wenu kabla ya balehe.

Baba Kisumu
Poleni na hongereni. Sisi tulifunzwa kumpapasa kijana wetu tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, tujue bandama yake ikoje siku akiwa mzima. Jioni moja mama yake akaikuta imeshuka karibu na kitovu, viganja na midomo vimekuwa vyeupe, mtoto amelegea. Hakuwa na homa wala hakulalamika maumivu. Damu ilikuwa imejaa kwenye bandama. Aliongezewa damu usiku huo huo. Bila yale mafunzo ya kupapasa tungemlaza tukidhani ni usingizi.

Dada wa Tabora
Mwanangu ana miaka mitatu, damu inashuka kila mara. Majirani wanasisitiza nimpe sharubati ya madini ya chuma na rosela. Nesi, nimpe?

Nesi Mstaafu
Dada yangu, rosela kama kinywaji haina neno. Ya chuma usimpe mpaka apimwe. Damu yake haipungui kwa kukosa chuma. Chembe zake zinavunjika mapema mno, na aliyeongezewa damu mara nyingi chuma humzidi mwilini. Anachohitaji ni vidonge vya foliki kila siku, na kwa umri wake penisilini asubuhi na jioni mpaka atimize miaka mitano. Akipata homa ya nyuzi 38 usimtibu nyumbani.

Mama wa Geita
Baba Kisumu, leo leo nampapasa binti yangu. Kijana wa Magu, Mungu akuzidishie, nitawasomea shemeji zangu ulichoandika. Sasa wale ambao watoto wenu wako kwenye haidroksiyurea: dawa ikiisha hospitalini mnaipata wapi na kwa bei gani? Andikeni na mkoa. Na kama yupo ambaye mtoto wake amepandikizwa uboho pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, atusimulie tangu siku ya kutafuta ndugu wa kuchangia.