Tupeane uzoefu: uliufanyaje woga siku uliyoamua kurudi kusoma baada ya kufeli?

Mwanzisha mada
Habari za jioni wakuu. Nilimaliza kidato cha nne 2012 hapa Tanzania. Wa mwaka wangu wanakumbuka Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa tulipata daraja sifuri, yaani kufeli. Baadaye serikali ikayafuta yale matokeo, yakapangwa upya, wenzangu kadhaa wakapanda hadi daraja la nne. Mimi nikabaki palepale, na baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake atakuwa nesi.

Nikaanza kuchoma maandazi. Kila Januari nilisema mwaka huu narisiti, yaani narudia mtihani, na ada nilikuwa nayo. Nilichoogopa ni kuonekana. Mtu niliyesoma naye anikute na daftari mkononi na miaka yangu 28, halafu nifeli tena! Kufeli mara ya kwanza nilisingizia mwaka mbaya. Mara ya pili ningesingizia nini?

Karatasi za kufungia nilinunua kwa kilo. Siku moja nikakuta pepa ya zamani ya Bayolojia ndani ya lile rundo. Mafuta yakiwa jikoni nikasoma swali la moyo, damu ikitoka mapafuni inaingia chumba kipi. Nikajibu kimoyomoyo. Nikasoma la pili. Ile karatasi sikuifungia andazi. Kuanzia hapo kila rundo nililipekua kwanza, za pepa naweka chini ya godoro. Miezi saba sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Masomo ya jioni nilichagua kituo cha mbali, daladala mbili, nisikutane na wa mtaani. Nikafanya mtihani Novemba 2022. Matokeo yakatoka na namba, jinsia na daraja, jina halipo. Natamani ningelijua hilo mapema. Bayolojia C, Kemia D, Fizikia D. Niko chuo cha uuguzi sasa. Wengine mliwezaje?

Boda wa Mbagala
Hongera sana dada. Mimi niliishia kidato cha kwanza 2006 mzee alipofariki, kwa hiyo nilianza na QT, ule mtihani wa maarifa wa kuwapima tulioachia njiani, ndipo nikaenda kwenye kidato cha nne. Hesabu haikunitisha, ila kusoma Kiingereza kwa sauti mbele ya vijana wadogo. Nikamwomba mwalimu anisikilize peke yangu baada ya kipindi, dakika kumi tu. Alikubali kila Jumanne, mwaka mzima, bila senti. Namwombea mpaka leo.

Mama Kijana, Mbeya
Mimi sikufeli, nilipata ujauzito kidato cha pili. Wakati huo ndiyo ulikuwa mwisho wa shule. Novemba 2021 waliporuhusu tuliojifungua kurudi, mama yangu alisikia redioni akaja kuniamsha. Nilikataa wiki nzima. Nilijua watakavyonitazama, na sare yenyewe ilikuwa inanibana kifuani kwa sababu nanyonyesha. Mama hakubishana. Aliifumua pembeni, akaiongezea kitambaa, akaitundika mlangoni.

Asubuhi ya kwanza darasa lilikuwa kimya hadi mwalimu alipoita mahudhurio. Jina langu alilisoma katikati ya mengine, sauti ileile, akaendelea na linalofuata. Nilijibu "nipo" na mikono ikaacha kutetemeka. Saa nne mama alikuwa getini na mtoto.

Wa Eldoret
Huku kwetu Kenya tulimwona mzee Kimani Maruge akiingia darasa la kwanza pale Shule ya Msingi Kapkenduiywo mwaka 2004, miaka 84, amevaa sare na soksi ndefu. Mwaka uliofuata akafika New York, Umoja wa Mataifa. Mamangu alikuwa na miaka 39 na alishajiita mzee. Alikaa na hiyo habari siku kadhaa, kisha akajiandikisha gumbaru, shule ya watu wazima. M-Pesa ilipokuja 2007 hakumpa mtu simu amsomee ujumbe. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Msomaji Kimya
Nawasoma nikiwa na machozi. Mimi nimejisajili mara mbili, na mara zote mbili siku ya pepa sikutokea. Nilivaa kabisa, nikafika kituo cha basi, nikarudi nyumbani.

Mwanzisha mada
Ndugu yangu, asante kwa kusema. Mimi asubuhi ile nilikaa kwenye benchi la mama lishe mkabala na geti karibu nusu saa, chai imepoa mbele yangu. Aliyeniingiza ni mlinzi. Aliniuliza namba ya mtahiniwa, nikaitaja kwa sauti, na nikishaitaja sikuona tena jinsi ya kuondoka.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari. Ukishapata namba, ikariri. Siku moja kabla ya pepa nenda mpaka getini, usiishie kituo cha basi, umsalimie mlinzi umwonyeshe sura. Kisha rudi hapa utuambie umefika. Nitakuwa nasubiri.