Naomba ushauri: dume la gorila lilitutokea njiani tukipanda mlima Kahuzi

Mwana Nguba (Bukavu)
Jambo, ndugu zangu. Mimi ni mmoja wa viongozi wa kikundi cha vijana wanaopanda mlima Kahuzi, katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega hapa Kongo. Safari yetu ya mwisho haikuwa ya kutembelea gorila; tulitaka tu kufika kileleni, mita 3,308. Tulipokuwa katika mianzi, mahali ambapo njia ni nyembamba na mtu haoni hatua kumi mbele yake, dume lenye mgongo wa fedha lilitokeza upande wa bondeni, likasimama na kujipiga kifua. Ekogadi (askari wa hifadhi) aliyetuongoza alituamuru tuchutame, lakini kijana mmoja alitimua mbio, na dume likamfuata hatua kadhaa kabla ya kusimama ghafla na kurudi mianzini. Hakuna aliyeumia. Sasa wengine wanataka kupanda, ila wazazi wameingiwa na hofu, na baba mmoja anashauri tubebe mapanga na filimbi. Naomba mnieleze tuwaandaeje hao wapya, na tufanye nini tukikuta familia nzima imekaa njiani.

Mama Neema (Kadutu)
Huyo baba mwambieni panga lake libaki nyumbani. Gorila anaweza kuwa ameshawahi kumwona jangili akiwa na kitu kama hicho.

Baba Amani (Miti)
Ndugu yangu, huyo dume hakutaka kumla mtu. Alikuwa akiwakinga majike na watoto ambao bila shaka walikuwa nyuma yake. Dume la aina hii laweza kuzidi kilo 200, lakini mara nyingi mbio zake ni za kutisha tu, nalo husimama kabla ya kumfikia mtu aliyetulia. Anayekimbia ndiye anayelichochea. Basi kabla ya kuondoka Tshivanga, kituo cha hifadhi mnakoanzia safari, wafanyisheni zoezi palepale, hata kama watacheka: ekogadi akitoa ishara, wote wachutame, wainamishe macho, wanyamaze, na mikono ibaki chini bila kumnyooshea mnyama kidole. Kurudi nyuma ni polepole, tena kwa amri ya ekogadi. Yule mnayemjua kuwa mwoga awekwe katikati ya mstari, kamwe asiwekwe mwisho.

Tena, jifunzeni kutambua kuwa gorila yuko karibu kabla hamjamwona. Wakati wa mvua machipukizi ya mianzi yanapotoka, gorila huyafuata, na ndiyo maana mkakutana nao hapo. Maganda ya machipukizi yaliyomenywa yakiwa bado na unyevu, kinyesi kibichi, au harufu kali kama ya jasho la kwapa, maana yake wako karibu. Hapo ongeeni kwa sauti ya kawaida ili wasishtukizwe. Filimbi za nini?

Dada Muuguzi (Bukavu)
Naomba niongeze jambo ambalo wengi hulisahau. Gorila huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa kutoka kwetu, na kwao yanaweza kuua. Mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani, hata kama ameshalipa. Wengine wabebe barakoa mfukoni, wasiteme mate njiani, wala wasiache maganda ya ndizi. Na wakikutana na gorila, wasisogee chini ya mita kumi. Mtoto wa gorila akiwajia mwenyewe, warudi nyuma.

Kijana wa Ibanda
Mimi niliogopa gorila mlima mzima, kumbe walionitesa ni siafu. Suruali iingizwe ndani ya soksi!

Mwana Nguba
Asanteni sana. Baba Amani, bado la familia iliyokaa njiani.

Baba Amani (Miti)
Uamuzi ni wa ekogadi, lakini nitakueleza tunavyofanya. Wakiwa wanakula huku wakisogea, ngojeni kwa mbali, kwa kuwa njia itafunguka yenyewe. Msijaribu kuwazunguka, kwa sababu katika mianzi huwezi kujua nani amebaki upande wa pili, na mtu akijikuta kati ya jike na mtoto wake mambo yatakuwa mengine kabisa. Ila ikiwa ni karibu na saa sita mchana na wamelala kupumzika, rudini tu. Wanaweza kukaa hapo muda mrefu, na mvua ya alasiri ikiwakuta juu, mteremko ule wa tope utawasumbua kuliko gorila. Kwa hiyo fikeni kituoni alfajiri, na wazazi waambiwe mapema kwamba siku nyingine kilele hakifikiwi.

Mwana Nguba
Nimeelewa. Zoezi la kuchutama nitalianzia hapa mjini Jumapili hii, na yule aliyekimbia ndiye atakayewaonyesha wenzake.