Msaada wakuu: napata 502 Bad Gateway, ila nikiiwasha programu kwa mkono inafanya kazi

mweka_daftari

Wakuu habari za humu. Leo siku ya tatu nimekwama, naomba mnisaidie kabla sijaitupa laptop dirishani.

Mama yangu ni katibu wa muungano wa vikoba hapa Morogoro, vikundi sita, wanachama 168. Daftari la hisa na mikopo limeshaloa mvua mara mbili, ndipo nikamtengenezea mfumo mdogo kwa Python, nikitumia Flask (ya kutengenezea tovuti) na SQLite (hifadhidata). Kwenye laptop unakwenda vizuri kabisa. Nikakodi VPS (seva ya mtandaoni) ndogo ya Ubuntu 22.04, RAM GB 1. Nikafuata video moja hatua kwa hatua: Gunicorn inaendesha programu, systemd inaiwasha yenyewe, Nginx inakaa mbele kupokea wageni wa mtandaoni.

Kinachonichanganya ni hiki. Nikiingia kwenye seva na kuandika mwenyewe

gunicorn --bind 0.0.0.0:8000 app:app

halafu nikafungua IP ya seva na :8000 kwenye simu, mfumo huu hapa. Nikipitia Nginx, ukurasa mweupe wa 502 Bad Gateway. Nimezima na kuwasha seva mara sijui ngapi. Nimeing'oa Nginx nikaiweka upya, wapi. Kikao ni Jumamosi na mama ameshawatangazia watu.

fundi_seva

Pole mkuu. Nginx hapo ni mlinzi wa getini tu. 502 maana yake amekwenda kugonga mlango wa ndani, ama hakufunguliwa, ama alianza kujibiwa halafu mlango ukafungwa usoni pake. Wewe umemfukuza mlinzi ukaajiri mwingine, mlango ni uleule.

Ingekuwa 500, ningesema msimbo wako wa Python umeanguka. Ingekuwa 504, mlinzi amesubiri mpaka amechoka. Kwa 502, leta hizi tatu tuone:

sudo systemctl status kikoba
sudo journalctl -u kikoba -n 50
sudo tail -n 30 /var/log/nginx/error.log

Jina la huduma weka ulilolitumia wewe. Na usituletee picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, macho yetu tunayahitaji.

mzee_wa_njia_fupi

Hilo tatizo dogo sana. Piga sudo chmod -R 777 /home/ halafu restati Nginx. Kwangu iliwahi kukubali dakika moja.

fundi_seva

@mweka_daftari, tafadhali USIFANYE hivyo. Kama unaingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH, ukishafungua folda lako la nyumbani kwa kila mtu kuandika, SSH itaukataa ufunguo wako mara utakapotaka kuingia tena. Utakuwa umejifungia nje ya seva yako mwenyewe. Tena hapo kuna hesabu za mikopo ya watu.

mweka_daftari

Bahati sikuwa nimebonyeza enter.

Status inasema active, running, rangi ya kijani. Journal (logi ya systemd) haina kosa lolote. Ila logi ya Nginx imejaa mstari mmoja, kila nikifungua ukurasa unaongezeka: inajaribu kuunganisha na unix:/home/deploy/kikoba/kikoba.sock, inaishia na 13: Permission denied while connecting to upstream.

Sasa sielewi. Nimepiga ls -l kwenye hiyo soketi (faili ambalo Nginx na Gunicorn wanaongea kupitia hapo), ni srwxrwxrwx. Ruhusa zote ziko wazi. Ruhusa gani tena inayokosekana?

dada_wa_kilindini

Ndugu yangu, hiyo namba 13 imekurahisishia kazi. Ingekuwa 2, soketi haipo kabisa au umekosea njia yake. Ingekuwa 111, soketi ipo lakini hakuna anayesikiliza. 13 ni kwamba Nginx imezuiwa njiani, na si lazima iwe imezuiwa kwenye soketi yenyewe. Hebu andika hii:

namei -l /home/deploy/kikoba/kikoba.sock

Itakuonyesha ruhusa za kila folda, kuanzia mzizi mpaka mwisho wa njia. Naweka dau kwamba /home/deploy ni drwxr-x---.

Nginx kwenye Ubuntu inatembea kwa jina la www-data. Kufika kwenye soketi lazima ipite ndani ya /home/deploy, na pale si mwenyeji wala si mtu wa kundi. Chumba kiko wazi, lango la ua limefungwa. Ukiiwasha kwa mkono kwenye 0.0.0.0:8000 hakuna anayepita kwenye faili lolote, simu inaongea na Gunicorn moja kwa moja kupitia mtandao, ndiyo maana unaona iko sawa.

Nadhani video uliyofuata ilirekodiwa kwenye Ubuntu 20.04. Wakati ule folda za nyumbani zilikuwa zinaundwa na ruhusa 755, yeyote anapita. Kuanzia 21.04 wakabana zikawa 750. Mwalimu hakukudanganya, ni nyumba imebadilishwa kufuli.

mweka_daftari

Dada, ni hivyohivyo ulivyosema. drwxr-x--- deploy deploy. Na video ni ya 2020, nimeangalia sasa hivi. Kwa hiyo nifungue hilo folda?

dada_wa_kilindini

Ukipiga chmod o+x /home/deploy itakubali, ila mimi huwa sipendi. Itoe soketi nyumbani kwa mtu, ipeleke /run ambako ndiko mahali pake. Kwenye faili la systemd, chini ya [Service], ongeza:

RuntimeDirectory=kikoba

Folda la /run/kikoba litaundwa lenyewe kila huduma inapowaka, na mwenyewe atakuwa yule uliyemwandika kwenye User. Kisha kwenye ExecStart badilisha iwe --bind unix:/run/kikoba/kikoba.sock, na kwenye Nginx:

proxy_pass http://unix:/run/kikoba/kikoba.sock;

Halafu sudo systemctl daemon-reload, restati kikoba, piga sudo nginx -t, ikikubali ndipo ureload Nginx. Wengi husahau daemon-reload, systemd inaendelea na maagizo ya zamani, mtu anaapa kwamba ushauri haukufaa.

Na zile picha na CSS, kama Nginx inazichukua kutoka /home/deploy, zitakupa 403 kwa sababu hiyohiyo. Zihamishie /var/www. Mwisho, ule mlango (port) 8000 ufunge ukimaliza majaribio, 0.0.0.0 ni kuukaribisha ulimwengu mzima.

mweka_daftari

IMEFUNGUKA!! Mama kaingia kwa simu yake, kaona jina la kikundi chake, kapiga vigelegele jikoni. Mungu awabariki.

Nikabonyeza sehemu ya kutuma SMS, nikapata 500. Journal: KeyError, 'SMS_TOKEN'. Lakini token (ufunguo wa huduma ya SMS) nimeiweka kwenye .bashrc jamani.

kijana_wa_ilala

systemd haisomi .bashrc mkuu, hiyo ni ya kwako unapoingia kwenye terminali. Weka kwenye faili lake, mfano /etc/kikoba.env, lisomwe na root tu, halafu kwenye [Service] andika EnvironmentFile=/etc/kikoba.env. Ndani yake usiandike export, ni jina=thamani basi.

mweka_daftari

Imekaa sawa. Asanteni, nafunga uzi.

mweka_daftari

Wakuu nimerudi, na safari hii kwa aibu.

Jumamosi kikao kimekwenda vizuri, hisa zimeingizwa, mikopo imeonekana. Jioni mama akabonyeza kitufe cha "Tuma ukumbusho", kinachowatumia wote SMS ya salio la mkopo. Ikazunguka, ikatoa 502. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Jumla mara nne. Wakati huo huo mweka hazina naye anasema mfumo mzima ulikuwa umeganda.

Kuanzia saa moja simu zikaanza. Mzee Abdallah kapata ujumbe wa kudaiwa mara nne na anauliza kama tunataka kumpeleka mahakamani. Amina mara nne. Asha mara nne. Zuhura, ambaye ndiye anadaiwa kweli, hakupata hata mmoja.

Ruhusa nimeangalia, namei iko safi. Logi ya Nginx sasa inasema upstream prematurely closed connection, yaani Gunicorn imekata mazungumzo kabla ya kujibu.

fundi_seva

Abdallah, Amina, Asha. Zuhura hakuna. Orodha yako umeipanga kwa alfabeti, sivyo?

Logi umeileta vizuri, lakini hao wanachama ndio logi yenyewe. Lupu inaanzia A, inakatwa njiani, mama akibonyeza inaanza tena A. Hebu hesabu ni watu wangapi waliopata, na utafute neno WORKER TIMEOUT kwenye journal.

mweka_daftari

WORKER TIMEOUT ipo, mara nne. Waliopata ni 26, kuanzia Abdallah mpaka Doto.

fundi_seva

Basi hesabu ndiyo hiyo. Gunicorn usipoiambia kitu, mfanyakazi wake akikaa na ombi moja zaidi ya sekunde 30 anauawa. Watu 26 ndani ya sekunde 30, yaani kila SMS inakula sekunde moja na ushee. Wote 168 wanataka zaidi ya dakika tatu. Nginx yenyewe ingevumilia sekunde 60 ndipo itoe 504, lakini mwenzake kafa kwenye 30, kwa hiyo unaona 502. Kosa ni namba ileile ya wiki iliyopita, ugonjwa mwingine kabisa.

Na kwa kuwa hukutaja idadi ya wafanyakazi, unaye mmoja. Akiwa anatuma SMS, mweka hazina anamsubiri yeye.

mzee_wa_njia_fupi

Weka --timeout 600 ulale.

kijana_wa_ilala

Mzee, Nginx itakata kwenye 60 itoe 504, mama atabonyeza tena, na mfumo utaganda dakika tatu badala ya nusu dakika. Mkuu, weka Celery na Redis, foleni ya kazi za pembeni, ndiyo njia ya kitaalamu.

dada_wa_kilindini

Celery kwa SMS 168 kwa wiki, kwenye RAM ya GB 1? Hiyo ni kuita winchi kuinua ndoo.

Tengeneza jedwali la ujumbe: namba ya simu, maneno, hali. Kitufe cha mama kiandike safu 168 zenye hali "bado" na kimjibu palepale, sekunde haiishi. Kisha skripti ya pembeni, inayoitwa na cron (ratiba ya Linux) kila dakika, ichukue zilizo "bado" na kuzituma. Iite kupitia flock -n ili ya pili isianze kabla ya kwanza kumaliza. Jedwali likatae mwanachama mmoja kuwa na ukumbusho mbili za tarehe moja, hapo mama abonyeze hata mara kumi.

Mambo mawili ya kuangalia. Commit (kuhifadhi kwenye hifadhidata) ifanyike baada ya kila ujumbe, si mwisho wa lupu. Na kama unatumia requests (maktaba ya Python ya kuita huduma za mtandaoni), mpe timeout=10, maana yenyewe haina kikomo, inaweza kusubiri mpaka kesho. Ila muda ukiisha hujui kama SMS ilitoka au la, hivyo hali yake iandike "haijulikani" uiangalie kwa macho, usiirudie moja kwa moja. Bora Zuhura akose kuliko Mzee Abdallah apate ya tano.

mweka_daftari

Nimefanya vyote. Wafanyakazi nimeongeza wawe watatu, kumbukumbu bado inatosha. Jumamosi hii mama kabonyeza mara mbili kwa mazoea. Zimetoka 167, kila mtu mmoja, na moja imekaa "haijulikani". Nimempigia simu mwenyewe, alikuwa ameipata.

Sasa mama anataka niongeze kitufe cha kuwatumia wale 26 SMS ya kuomba radhi. Nimemwambia hao nitawapigia mwenyewe, mmoja mmoja, kuanzia Doto kurudi nyuma.