Riwaya ya kangomba wa Newala: aangushwe na kiburi au na uhakiki wa korosho wa 2018?

Mleta mada, Mtwara mjini
Wadau, kuna mswada wa riwaya unaosomwa kwenye kundi letu. Mhusika mkuu ni kijana wa Newala, kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kinyemela, nje ya minada rasmi. Anaanza kwa kununua korosho kwa bakuli, kufikia 2017 ni tajiri, anawadharau hata waliomlea, na 2018 anafilisika. Sura ya mwisho inasema ni kiburi kilichomponza, basi. Kundini imetajwa pia sura ya tano, eti watu wanaokota korosho Aprili, na gunia la korosho la kilo hamsini. Nusu ya kundi wameridhika. Nusu wanadai mwandishi amefunika kilichotokea kweli: Oktoba ile wakulima walikataa bei za minada ya mwanzo, Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba mzigo, na ukaanza uhakiki wa nani ni mkulima na nani ni kangomba. Sasa, nani amwangushe huyu bwana? Na kwa msomaji wa kusini, kangomba ni mtu wa kushangiliwa akianguka?

Karani wa ghala, Masasi
Kiburi peke yake hakifilisi mtu. Wenye kiburi wamejaa mjini na magari wanayo. Kinachofilisi ni hesabu, na mswada kama ulivyoelezwa hauna hesabu.

Tuanze na kupanda kwake. Tuseme Julai 2017 amenunua tani kumi kwa 1,500 kwa kilo, zikiwa bado ni maua juu ya mti. Katoa milioni 15. Msimu ule kuna minada iliyovuka 4,000. Kabla ya makato ya chama na usafiri ni milioni 40, ndani ya miezi minne au mitano. Ila hizo pesa hazimfikii hivi hivi. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapokea mzigo wa mkulima aliyesajiliwa, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kangomba hana shamba la kutoa tani kumi. Lazima apate jina la mtu na akaunti ya mtu, na mtu huyo asimgeuke siku pesa zikiingia. Riwaya yote iko hapo, kwenye jina la kuazima. Mwandishi akiruka hilo, msomaji yeyote wa Tandahimba atafunga kitabu.

Mkulima, Tandahimba
Nakubaliana na karani, ila mmeanza na mnunuzi mkamsahau muuzaji. Kwa nini mtu auze korosho Julai kwa bei ya kutupa? Kwa sababu ya salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Mkorosho mmoja unataka kama robo kilo kwa mpulizo mmoja, na mipulizo inafika minne au mitano, ikipishana wiki mbili tatu. Ekari moja iliyopandwa mita 12 kwa 12 ina miti 28 hivi. Piga mwenyewe: kilo 28 hadi 35 kwa ekari, bado kukodi bomba, petroli na kumlipa mpulizaji. Inapulizwa alfajiri kukiwa na umande ili vumbi lishike. Ukikosa mpulizo wa kwanza wakati shada linachomoza, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unaunguza maua na msimu umekwisha. Ukienda benki Juni bila dhamana unarudi na fomu. Kangomba anakuja mlangoni na fedha taslimu.

Kwa hiyo mwandishi akimchora kama jambazi tu, amedanganya. Anaingia kama mkombozi. Wizi wake uko kwenye kipimo: bakuli linajazwa mpaka linafanya kichuguu, halafu linahesabiwa kilo moja.

Mwalimu wa fasihi, Mtwara mjini
Ndugu zangu, mnataka riwaya au ripoti ya ushirika? Kiburi lazima kibaki. Mtu akiangushwa na tangazo la serikali tu, hiyo ni ajali, na ajali haina tofauti na kugongwa na lori.

Karani wa ghala, Masasi
Mwalimu, hakuna aliyesema kiburi kiondoke. Nasema kionekane kwenye daftari.

Kangomba mwenye akili hugawa mzigo: kilo 300 kwa jina la huyu, 500 kwa yule, kila mmoja kulingana na shamba lake. Inachosha. Unawabembeleza watu ishirini, kila mmoja na chake. Huyu wa kwetu, kwa dharau, amechoka kubembeleza wanakijiji. Anaandikisha tani nne zote kwa jina la mjomba wake mwenye ekari mbili. Uhakiki unakuja. Ekari mbili ni miti 56. Mkorosho uliotunzwa vizuri tuupe kilo 10 hadi 15, jumla kilo 560 hadi 840. Tani nne maana yake kila mti umetoa zaidi ya kilo 70! Mhakiki hahitaji shahidi. Anahesabu miti, anafunga daftari.

Mwalimu wa fasihi, Mtwara mjini
Hapo nimenyoosha mikono. Kiburi kimefanya uamuzi, na uamuzi umeacha maandishi. Kwa makabila yetu ya huku yanayofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mpwa, kwa hiyo hilo jina lina uzito kuliko la rafiki. Ila basi bei ya serikali haikumwangusha hata kidogo?

Mfanyabiashara wa ufuta, Nachingwea
Haikumwangusha, na hapo ndipo nusu ya kundi lenu imepotea. Kwa aliyenunua kwa 1,500, bei ya 3,300 ni sherehe, na ilizidi zile zilizokataliwa mnadani. Kilichomuua ni vitu viwili. Cha kwanza uhakiki, kama alivyosema karani. Cha pili ni muda. Malipo ya msimu ule yaliburuta mpaka 2019 hata kwa wakulima halali. Kama alikopa kwa mtu wa riba ya mwezi, kila mwezi wa kusubiri unakula faida, na kufikia Februari unakula mtaji. Mwandishi aandike deni hilo mapema, sura ya tatu au ya nne, wakati msomaji bado anamshangilia. Atakopa kwa kuamini bei itarudi 4,000 kama mwaka uliopita. Hicho nacho ni kiburi.

Halafu asiache upande wa pili ukiwa msafi. Aprili 2013 kule Liwale nyumba za viongozi zilichomwa kwa sababu malipo ya pili ya korosho yalikuja pungufu. Mfumo rasmi nao uliwahi kumpunja mkulima, na kangomba aliota kwenye nyufa hizo.

Mkulima, Tandahimba
Dada wa Nachingwea kaeleza vizuri. Mimi naongeza la mjomba, msimfanye mzee wa kuonewa. Mwenye jina hupewa chake kwa kila kilo inayopita. Alijua. Siku wahakiki wakifika ana njia mbili: aseme mzigo ni wake, aambiwe aoneshe miti mingine, au aseme ni wa mpwa, apoteze gawio na ukoo umnunie. Kuhusu kushangilia, mimi sishangilii. Mwaka uliofuata aliyekosa fedha ya salfa alikwenda kwa kangomba mwingine.

Karani wa ghala, Masasi
Mwisho kwa mhariri: kama kweli sura ya tano ina watu wanaokota korosho mwezi Aprili, ifutwe. Aprili mikorosho ya Newala haina hata ua, mavuno ni kuanzia Septemba au Oktoba. Na lile gunia la kilo hamsini mlilolitaja kwenye kundi liwe la juti, kilo themanini.