Gumzo la familia: siku tatu Khartoum ilipofunga milango

*Kikundi: Jamaa wa Majengo na Likoni*

Mama Nasra 19:42
Asalaam aleikum jamaa. Hii karatasi imezungushwa leo mchana shuleni kwetu. Haina muhuri wala jina la chama:

"Walimu, wauguzi, makarani, madereva. Kuanzia Jumatatu hatutoki. Hakuna kazi, hakuna kununua, hakuna kutuma pesa kwa simu. Siku tatu. Maisha yametushinda na hawatusikii."

Mwaonaje?

Zuleikha 19:43
Mimi sitoki. Nimeshaamua

Ami Hamadi 19:51
Waaleikum salaam. Karatasi isiyo na jina si mwito wa chama. Chama kikiitisha mgomo, katibu hutia sahihi yake na husimama mbele za watu. Halafu kuna Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007. Yataka notisi ya siku 7, na mzozo uwe ni wa kazi, baina yenu na mwajiri. Mkikaa nyumbani kwa sababu unga umepanda, hamna kinga. Mwajiri aweza kuwakata mshahara wa siku hizo na kuwaandikia barua.

Mama Nasra 19:53
Ami, mshahara washakatwa. SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF ya pensheni nayo imepanda, na mkopo wa sako ndio huo. Nikitazama karatasi ya mshahara naona kama nafanyia kazi watu nisiowajua.

Shangazi Mwanaisha 19:55
Nyinyi mwakatwa mlichonacho. Mimi nikikaa ndani siku tatu, nani atanunua mahamri yangu? Unga nanunua jioni kwa pesa ya asubuhi. Nikikosa asubuhi moja tu, kesho yake sina unga.

Zuleikha 19:56
Shangazi lakini Juni 2024 tulipotoka barabarani Mswada wa Fedha uliondolewa. Mkate ulikuwa uwekewe VAT ya asilimia 16! Haya mambo yanawezekana

Shangazi Mwanaisha 19:57
Na watoto wangapi hawakurudi nyumbani? Mimi sisemi haiwezekani mwanangu. Nauliza nani analipa.

Zuleikha 19:58
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Nasra 20:02
Yusuf, wewe ulikuwa Sudan wakati ule wa Rais Bashir. Si kule nao walifunga mji mzima? Hebu tueleze, maana hapa twabishana gizani.

Yusuf 20:10
Nimesoma yote toka juu. Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Naandika, nipeni dakika chache.

Yusuf 20:24
Nilikuwa Khartoum, nasoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kule kusini mwa mji. Wengi wetu kutoka Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja tulipita pale. Kwa hiyo yale ya 2019 sikuyasoma gazetini.

Jambo la kwanza, Ami, hili utalipenda. Walioitisha hawakuwa chama rasmi. Bashir alipochukua nchi kwa mapinduzi Juni 1989 alivunja vyama vyote vya wafanyakazi, na baadaye vikaundwa vingine vya kumwitikia yeye. Shirikisho rasmi la wafanyakazi lilikuwepo, na ofisi lilikuwa nayo, lakini mwalimu akidai haki halimjui. Basi madaktari, walimu, wanasheria, waandishi wa habari wakaunda kamati zao za chinichini, zikaungana zikajiita Jumuiya ya Wanataaluma wa Sudan. Haikusajiliwa popote.

Ami Hamadi 20:26
Kwa hiyo na wao hawakuwa na muhuri.

Yusuf 20:31
Hawakuwa na muhuri Ami, lakini walikuwa na kazi ya miaka waliyoifanya kabla ya kuita mtu yeyote barabarani. Wataka kujua walianza na nini? Kima cha chini cha mshahara. Kilikuwa pauni 425 za Sudan kwa mwezi. Walikaa wakapiga hesabu ya mahitaji ya familia, wakataka kupeleka madai yao bungeni Desemba 2018. Kabla hawajaenda, bei ya mkate sehemu nyingine ikapanda kutoka pauni 1 hadi 3, na tarehe 19 Desemba watu wa Atbara wakatoka. Atbara ni mji wa reli, wafanyakazi wa reli pale wana historia ya migomo tangu enzi za Mwingereza. Jumuiya ikaona watu wameshaitangulia. Ikaacha safari ya bungeni, ikaita maandamano ya kwenda Ikulu kumwambia Bashir aondoke.

Rukia wa Dar 20:33
Shikamooni nyote. Kwani uchumi wao uliharibika vipi mpaka mkate upande mara tatu?

Yusuf 20:41
Marahaba Rukia. Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na kama robo tatu ya mafuta. Dola zikakauka, serikali ikachapisha noti, pauni ikashushwa thamani mara kadhaa mwaka 2018. Hata pesa yako mwenyewe benki hupati. Ilikuwa mtu anapanga foleni kwenye mashine ya benki tangu alfajiri, ikifika zamu yake mashine imekauka. Foleni ya mkate, foleni ya petroli, foleni ya pesa. Nimeona profesa wangu kwenye foleni ya tanuri la mkate ameshika mfuko wa plastiki, nyuma yake mwanafunzi wake, mbele yake askari. Wote wanangoja mikate ileile.

Mama Nasra 20:43
Subhanallah.

Yusuf 20:52
Tarehe 6 Aprili 2019 watu wakaenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi. Tarehe hiyo waliichagua makusudi, kwa sababu tarehe 6 Aprili 1985 ndiyo Rais Nimeiri alianguka, na yeye aliangushwa na mgomo wa vyama vya madaktari, wanasheria na wafanyakazi wengine. Na kabla yake mtawala mwingine wa kijeshi, Abboud, Oktoba 1964, vilevile kwa mgomo. Wazee wa pale walikuwa wanajua inavyofanywa. Siku ya 11 Aprili Bashir akaondolewa, lakini majenerali wakabaki. Watu nao wakabaki pale pale wakidai utawala wa kiraia. Tarehe 28 na 29 Mei kukawa na mgomo wa nchi nzima wa siku mbili.

Halafu Juni 3. Ilikuwa siku ya 29 ya Ramadhani, watu wanangoja Idi. Alfajiri vikosi vikaingia kwenye kile kikao. Waliouawa walizidi 100, wengine miili yao ilitolewa mtoni Nile. Intaneti ikakatwa siku hiyohiyo. Mama alikuwa akinipigia hanipati, mwamkumbuka alivyokuwa.

Shangazi Mwanaisha 20:53
Namkumbuka. Hakula Idi ile.

Yusuf 21:04
Sasa hapa ndipo pa swali la Dada Mama Nasra, la kufunga mji mzima. Baada ya damu ile, kuwaita watu barabarani ni kuwapeleka machinjioni. Jumuiya ikaita uasi wa kiraia. Jumapili tarehe 9 Juni, siku ya kwanza ya kazi baada ya Idi, kila mtu abaki kwake.

Na hakuna intaneti! Zuleikha, tafakari hilo. Hakuna kikundi kama hiki. Habari ilipita kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa karatasi, na kwa kamati za mitaa. Kila mtaa ulikuwa na vijana wake, wanajua nyumba ipi ina daktari, ipi ina mgonjwa wa sukari, ipi haina mwanamume. Walipita mlango kwa mlango.

Asubuhi ile nilitoka nikasimama njia kubwa. Khartoum ni mji wa mabasi na honi na rikisha. Hakukuwa na kitu. Maduka yamefungwa, benki zimefungwa, uwanja wa ndege safari nyingi zimefutwa. Ndani ya mitaa vijana wamepanga mawe na matofali njiani magari ya askari yasipite. Wafanyakazi wa umeme na wa uwanja wa ndege walitishwa, wengine wakakamatwa, na bado wengi hawakwenda kazini. Kuna waliouawa siku ile ya kwanza pia. Msidhani kukaa nyumbani hakuna hatari.

Ami Hamadi 21:07
Na hospitali?

Yusuf 21:09
Madaktari tangu Desemba migomo yao ilikuwa hivi: wagonjwa wa dharura wanatibiwa, kliniki za kawaida zinafungwa. Hawakumwacha mtu anayekufa mlangoni.

Shangazi Mwanaisha 21:11
Yusuf mwanangu, umesema madaktari, umesema profesa. Hujasema muuza chai.

Yusuf 21:23
Naja kwake Shangazi, maana ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Khartoum chai huuzwa na wanawake njiani. Ana meza ndogo, jiko la makaa, bilauri zimepangwa, mikebe ya tangawizi, iliki, mdalasini, na viti vifupi kuzunguka. Wengi wao wametoka Darfur na milima ya Nuba, wamekimbia vita. Karibu na tulipokaa kulikuwa na mama mmoja wa Darfur chini ya mwarobaini, ana watoto wanne. Akifanya kazi leo ndio anakula leo, kama wewe.

Siku moja kabla ya uasi vijana wa kamati walimwendea. Sikiliza, hawakumwambia "funga". Walimuuliza siku moja yeye hupata kiasi gani. Kisha wakapita nyumba za wenye mishahara na za wenye ndugu Ghuba. Usiku wakamletea dengu, unga, sukari na mafuta. Akafunga kwa moyo wake. Siku ya tatu alikuwa yeye ndiye anayewapikia chai wale vijana wa vizuizi vya njiani, bure.

Mtaa wa pili haukufanya hivyo, na siku ya pili tu wauza mboga wao walishatoka kutafuta riziki. Nani atawalaumu? Mimi siwalaumu.

Shangazi Mwanaisha 21:25
Hapo umesema.

Mama Nasra 21:27
Na mwisho wake? Maana leo Sudan ni vita. Wenzako waliokuwa wanasoma walitolewa kwa mabasi 2023. Basi ilifaa nini?

Yusuf 21:40
Dada, hilo swali linaniuma na sitalikwepa. Siku tatu zile ziliisha tarehe 11 Juni usiku, mjumbe wa Ethiopia akatangaza kuwa uasi umesimamishwa na mazungumzo yanarudi. Majenerali waliokuwa wamesema makubaliano yote yamekufa walirudi mezani. Juni 30 watu walijaa tena barabarani nchi nzima, Agosti 17 mkataba ukatiwa sahihi, waziri mkuu wa kiraia akaapishwa. Hayo yalipatikana na watu wasio na hata rungu.

Lakini bunduki zilibaki kwa walewale, Burhan mkuu wa jeshi upande mmoja, na Hemedti mkuu wa wanamgambo wa RSF upande mwingine. Oktoba 25, 2021 wakapindua. Jumuiya ikaita tena uasi wa kiraia Novemba, siku mbili, na mwitikio haukufika ule wa 2019. Watu walikuwa wamechoka, na wale viongozi wa Jumuiya wenyewe walikuwa wameshagawanyika. Aprili 15, 2023 wale wawili wakaanza kupigana wao kwa wao. Kosa hilo ni la wenye bunduki. Sitakubali mtu ambebeshe mama wa chai.

Zuleikha 21:42
Kaka Yusuf 💔

Ami Hamadi 21:55
Nimesoma kwa utuvu. Nami niwape ya hapa. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini. Januari 13, 1947 Mombasa hii ilisimama. Kama watu 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata maboi wa majumbani mwa Wazungu. Vita vimekwisha, vitu vimepanda, mshahara uleule, chumba cha Majengo walala watu sita. Walikutana uwanja wa Majengo, wakiuita Kiembeni, kila siku. Chama kikazaliwa mulemule ndani ya mgomo, Chege Kibachia akawa kiongozi. Karibu wiki mbili. Eliud Mathu akaja kutoka Baraza la Kutunga Sheria akawaomba warudi kazini, wakaahidiwa kamati ya mishahara. Nyongeza ikaja kweli. Lakini Agosti mwaka uleule Kibachia akakamatwa akapelekwa Kabarnet, akakaa kizuizini miaka.

Rukia wa Dar 21:58
Na huku kwetu bandari ya Dar iligoma mwaka huohuo, Septemba 1947, ukasambaa hadi kwa watu wa reli bara. Babu alikuwa akisema habari zilitoka Mombasa na mabaharia.

Ami Hamadi 22:00
Ndio. Kwa hiyo siwakatazi. Nilichosema ni kwamba nataka kujua nani ameita, ana watu wangapi nyuma yake, na mtu akikamatwa wakili ni nani. Wa 1947 walijuana kwa sura.

Mama Nasra 22:06
Kesho kuna mkutano wa tawi saa kumi. Nitasimama niulize. Nisaidieni kuandika, nikisimama mbele za watu nasahau.

Zuleikha 22:09
1. Hii karatasi ni ya nani, chama kinaitambua au hakitambui?
2. Kama kinaitambua, notisi imetolewa?
3. Akikatwa mtu mshahara au akikamatwa, nani anamsimamia?

Shangazi Mwanaisha 22:11
Na ya nne. Sisi tusio na mwajiri tutakula nini siku hizo tatu? Uiandike hivyohivyo, usiipambe.

Yusuf 22:12
Iwe ya kwanza hiyo.

Zuleikha 22:13
Nimeiweka juu

Ami Hamadi 22:15
Mama Nasra, ukishauliza kaa mpaka wakujibu. Wana mazoea ya kusema "tutalishughulikia" halafu wanafunga kwa dua.

Mama Nasra 22:17
Sitoki mpaka nijibiwe. Shangazi, wakisema ndio, walimu wa shule yetu ni wengi, twaweza kuchanga. Wewe kwa siku wauza kiasi gani? Niambie nje ya kikundi kama wataka.

Shangazi Mwanaisha 22:20
Hapana, nasema hapahapa. Unga pakiti nne, mbaazi kilo mbili, nazi sita. Na kuna Mama Kadzo wa viazi karai pembeni yangu, na yule kijana wa kahawa. Mkihesabu mimi muwahesabu na wao.

Mama Nasra 22:22
Naandika. Kijana wa kahawa anatumia makaa kiasi gani?