Kipi ni uongo zaidi: kuipita kasi ya mwanga, au chombo kisichotoa joto?

Wakuu, kila tukizungumzia hadithi za anga za juu utasikia kwamba injini ya kukunja anga ili kuipita kasi ya mwanga ni ndoto, ila chombo chenye injini ya muunganiko wa nyuklia ndiyo sayansi yenyewe. Napinga.

Hiyo ndoto angalau ina hesabu. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre alionyesha kuwa milinganyo ya Einstein inaruhusu chombo kubebwa na anga lenyewe, likisinyaa mbele na kutanuka nyuma. Inadai nishati hasi, tena nyingi kupita kiasi, na hakuna ajuaye pa kuipata. Sawa. Mwandishi kaomba muujiza mmoja, tena hadharani.

Huyu wa pili, mwandishi wa chombo cha muunganiko wa nyuklia, anatupiga changa la macho. Injini inanguruma miezi mitatu, na nje chombo ni laini kama yai. Joto linakwenda wapi? Kwenye ombwe hakuna upepo wa kulipeperusha. Hutoka kwa mnururisho tu, yaani bamba kuliangaza joto nje kama mwanga. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinaning'iniza mapaneli meupe yenye mabomba ya amonia kwa kazi hiyo, na hakina hata tanuri la nyuklia. Bamba la nyuzi 27 hutoa kama wati 460 kwa mita ya mraba. Megawati moja ya joto itataka mita za mraba zipatazo 2,200!

— Mkuu, umechagua bamba la baridi makusudi. Lipashe hadi nyuzi 727, mita ileile itatoa zaidi ya mara 120. Mita za mraba 18 zinatosha, shughuli imekwisha.

— Mimi kinachonikera ni papara ya vyombo vya hadithi. Dawn, chombo cha utafiti cha NASA kilichorushwa 2007, injini yake ya ayoni (hurusha chembe zenye chaji ya umeme) ilisukuma kwa nguvu ya uzito wa karatasi moja kiganjani. Siku nne kufikisha kilomita 96 kwa saa! Lakini kilifika Vesta, kisha Ceres, magimba yaliyo kati ya Mirihi na Jupita. Kwenye filamu hakuna mwenye subira hiyo.

— Wa nyuzi 727, hesabu yako naikubali, na umenisaidia. Bamba hilo litakuwa jekundu kama kaa la moto, kwenye giza la nyuzi 270 chini ya sifuri. Sasa niambie, chombo hicho kinamnyemeleaje adui?