Mbweha wamehamia shamba la ukoo: tuweke sumu au tuwaache?

Mjukuu_Monduli: Wakuu, naomba ushauri. Shamba letu la ukoo lipo Monduli, upande wa tambarare. Tuna mahindi, maharage, mbuzi na kuku wa kienyeji. Mbweha wawili wamehamia kwenye shimo la zamani la muhanga (yule mnyama mchimba mashimo) pembeni mwa malisho, na sasa kuku wanapotea usiku. Wazee wanataka nyama yenye sumu iwekwe. Kuna njia nyingine?

Mfugaji_Longido: Mkuu, kwanza jua ni mbweha gani. Mwenye masikio makubwa mno, uso na miguu myeusi, kilo 3 hadi 5, ni mbweha masikio. Chakula chake kikuu ni mchwa wakata nyasi. Ana meno madogo 46 hadi 50 ya kutafuna wadudu. Mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na nywele nyeupe na ubavu wa rangi ya kutu, kilo 6 hadi 13, ni bweha mgongo mweusi. Huyo anakula kuku na kuua mwanambuzi. Vunja kinyesi kilicho karibu na shimo kwa kijiti: kikijaa vichwa vya mchwa na mabawa ya wadudu, hao si wezi wako.

Mjukuu_Monduli: Masikio ni makubwa kweli, na kinyesi ni wadudu watupu. Sasa kuku anaenda na nani?

Daktari wa Mifugo: Angalia banda. Kuku kubebwa mzima, manyoya machache yakabaki njiani, mara nyingi ni bweha au paka pori. Kuku kadhaa kuuawa usiku mmoja na kuachwa humohumo, mshuku kicheche au kanu, wanyama wadogo wala nyama. Hao hupenya tundu dogo sana. Mwanambuzi akifa, mchune shingo kabla ya kulaumu mnyama. Damu iliyovilia chini ya ngozi penye alama za meno maana yake aling'atwa akiwa hai. Pasipo na damu, huenda alikuwa amekwisha kufa kwa sababu nyingine, akaliwa baadaye.

Sumu msiweke kabisa. Inaua tai, mbwa wenu na hao mbweha wanaowapunguzia mchwa malishoni. Isitoshe, ni kosa kisheria. Mbwa wote wachanjwe kichaa cha mbwa. Mbweha anayezubaa mchana bila kuogopa watu asiguswe. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Fundi Mabanda: Ule waya mwembamba wa kuku huchanika. Tumia wavu wa nyaya zilizochomelewa wenye matundu ya nusu inchi, angalau sentimita 60 za chini. Kisha laza wavu mwingine chini kuelekea nje, upana sentimita 50, uufunge kwenye ukuta kwa waya na kuufukia kidogo. Mnyama huanza kuchimba palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya hajui kurudi nyuma akaanzie mbali. Wengi husahau mlango: weka kizingiti cha zege, na uwazi chini ya mlango usizidi sentimita 2. Kuku waingie kabla jua halijazama.

Mjukuu_Monduli: Na shimo lenyewe? Trekta inakuja kulima.

Mfugaji_Longido: Mwambie dereva aache mita 10 kuzunguka shimo. Handaki huenda mbali chini ya ardhi, tairi linaweza kuzama. Kama wamezaa, dume ndiye hulinda watoto pangoni jike likienda kula, kwa hiyo msizibe mdomo wa shimo hata mkiliona kimya.